Lori Lililojengwa Ng'ambo Mbili

Wiki iliyopita simu yangu ilizimika, na mimi nikazimika nayo. Nilikuwa nasubiri kupigiwa kuhusu usaili wa kazi. Nilisimama mbele ya meza ya fundi simu pale stendi ya Mbulu nikiwa nimeshajenga mkasa mzima kichwani: watapiga, hawatanipata, watasema huyu hana nia, nafasi itaruka kwa mwingine, na huyo mwingine atajenga nyumba na kuzeeka vizuri kwa mshahara wangu. Fundi hakuwa na haraka. Aliifungua simu, akapuliza vumbi, akashika chuma chake cha kuchomelea, na ncha ya moto ikagusa kidogo ukingo wa plastiki.

Ukapanda moshi mwembamba, na harufu yake ikanifikia puani. Nikaanza kucheka peke yangu.

"Dada, kuna nini?"

"Nimekumbuka lori."

"Lori la nani?"

"Langu na mwenzangu. Tulikuwa watoto."

"Lilipata ajali?"

"Hapana. Liliingia kanisani."

Alinitazama, akaitazama simu, kisha akanitazama tena. "Rudi saa kumi, dada. Kazi hii inataka mkono mtulivu, na wewe unanitetemeshea meza."

Basi nikawa na mchana mzima bila simu na bila la kufanya ila kukumbuka.

Mama yangu alikuwa nesi. Alitoka Masasi, kwenye joto na mikorosho, akapangiwa kazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha milimani huku Mbulu, ambako asubuhi maji ya kunawa huuma vidole. Nyumba ya watumishi ilikuwa ukingoni mwa korongo. Ng'ambo ya pili, juu ya ukingo wa wenzetu, ilikuwa nyumba ya bibi yake Tluway. Kutoka mlangoni kwetu niliweza kuona kuku wa Bibi wakichakura na hata kujua yupi ana vifaranga, lakini kuwafikia ilikuwa safari: unashuka mpaka kijitoni, unavuka juu ya mawe, unapanda tena ukishika nyasi, unafika ukihema. Kwa hiyo watu wa pale hawakushukiana kwa jambo dogo. Walisimama ukingoni, wakaweka viganja mdomoni, wakapaza sauti. Habari za mnada, za ng'ombe aliyezaa, za mgeni aliyeshuka kwenye basi, zote zilivuka korongo hewani. Mama alichukua muda kuzoea. Kwao anayepiga kelele hivyo ameona nyoka.

Tluway alikuwa wa umri wangu na wa darasa langu. Alikuwa mtoto wa vitendo. Akiona kitu anakishika. Mimi nilikuwa mtoto wa "lakini je." Lakini je likivunjika, lakini je tukichelewa, lakini je mwalimu akiuliza. Bado niko hivyo, na wenzangu mliomaliza chuo mkakaa nyumbani mkiangalia simu nadhani mnanielewa.

Vitofali vilitufikia ndani ya begi. Mama alinunua begi la shule la mtumba kule mnadani, la bluu, zipu nzima, na nilipotia mkono kwenye mfuko wa chini nikakuta kuna kitu kinachochakarika. Vilikuwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vyekundu, vyeusi, vya njano, vyenye vinundu juu na matundu chini, ambavyo ukivibana vinaumana. Mtoto wa mbali huko, ambaye sikuwahi kumjua, aliviacha mfukoni. Havikuja na picha ya kuonyesha vinajenga nini, wala havikuwa na gurudumu hata moja. Nilimpelekea Tluway siku hiyohiyo. Alikigeuza kimoja, akapitisha kidole juu ya vinundu, akasema, "Kina punje, kama hindi." Tangu hapo hatukuviita kwa jina jingine. Kulikuwa na kidogo cha punje mbili, cha punje nne, na baba yao wa punje nane.

Mtu mwingine pengine angejenga nyumba. Sisi hatukufikiria nyumba hata dakika moja, kwa sababu kijijini petu heshima ya mtoto ilikuwa gari. Juu ya uwanja wa kanisa kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu ulioshuka, ukakunja kushoto, ukaishia mbele ya mlango wa kanisa, na kwenye kona hiyo ulipita mtaro wa maji ya mvua. Kila Jumapili kabla ya ibada watoto waliachia magari yao pale: magari ya mbao, ya waya, ya madebe. Sheria ilikuwa moja. Gari lazima libebe kichwa cha kitunguu saumu, kwa sababu malori ya kwetu yalibeba vitunguu saumu, na lori tupu halina maana. Ukiachia, husukumi tena. Karibu magari yote yaliishia mtaroni, na mwenye kufika mbali zaidi ndiye aliyetamba wiki nzima. Mara nyingi alikuwa Emanueli, mtoto mkubwa mwenye gari la mbao zito kama kiti.

Gari letu la kwanza lilipasuka kabla ya kona. Lilitawanyika vipande vipande mbele ya watu wote, na kitunguu kikaendelea peke yake.

"Gari la mahindi!" alipiga kelele Emanueli. "Limepukuchuka!"

Tulikusanya vitofali vyetu tukiwa tumeinama, Tluway akicheka na mimi nikitaka ardhi inimeze. Lakini wiki ile ndipo nilipogundua furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ukamilifu ule, hata siku ya kuhitimu: furaha ya kitu kilichoharibika, unachojua kwamba kesho kitaharibika kidogo kuliko leo. Kwenye zahanati walikuwa wanajenga wodi ya wazazi. Tulikwenda kumtazama fundi mwashi akipanga matofali, na tukaona kwamba hakuweka kiungo juu ya kiungo hata mara moja. Kila tofali lilipanda mgongo wa mawili. Tulitazamana tukakimbia nyumbani. Kumbe sisi tulikuwa tunajenga nguzo za pembeni zinazosimama kila moja kivyake.

Gari la pili halikupasuka, lilipinduka. Tukalifupisha, tukaweka jiwe bapa chini tumboni. La tatu magurudumu yake, ambayo Tluway aliyakata kwenye ndala ya baba yake mdogo bila kumwambia, yalisuguana na bodi likasimama katikati ya mteremko kama punda aliyekataa. Tukatoboa upya matundu ya ekseli kwa msumari uliowekwa kwenye makaa, chini kidogo kuliko mwanzo, na ekseli yenyewe ikiwa spoku ya baiskeli. Hapo ndipo ilipotoka ile harufu. Ilikaa kwenye sweta langu, kwenye nywele, kwenye daftari la hesabu. Mama alisimama mlangoni akanusa.

"Zawadi, unachoma nini?"

"Naunda, mama."

"Unaunda moshi?"

Lakini hakutukataza. Alitusogezea tu ndoo ya maji karibu, akarudi kazini.

Tulikuwa tumeamua kujenga lori la kweli kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Siku hiyo watu wote wa bonde hupanda kanisani na mazao, mchungaji mwenyewe huja, na mteremko huwa na watazamaji hadi juu ya ukuta. Lori lilikuwa na sehemu mbili, kichwa na bodi, ili likipita kwenye shimo lipinde kidogo lisivunjike. Kichwa nilikijenga mimi. Bodi Tluway aliichukua kwao akaifunge magurudumu, pamoja na nusu ya vitofali. Hata utingo tulikuwa naye: haragwe jekundu lenye madoa, la kukaa nyuma ya bodi, tayari kuruka na kigogo cha kuzuia tairi kama wafanyavyo matingo wa kweli kwenye milima yetu.

Halafu asubuhi moja Tluway hakuja shule. Nilishuka korongo mchana, nikapanda, nikamwona amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, shingo na mashavu vimejaa vipele vya duara, vimepangana, vimevimba vizuri. Nilivitambua mara moja. Zilikuwa punje. Alikuwa ameshika vitofali sana, na sasa vilikuwa vinamwota.

Sikumwambia mtu. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua huku nikijipapasa mikono yangu mwenyewe. Usiku ule nilijikagua chini ya blanketi kwa vidole, na kila nilipogusa kivimbe cha mbu nilijiona nikiota ukuta.

Mama alipokwenda kumtazama alicheka. "Ni tetekuwanga. Huyu wangu aliugua akiwa mchanga, hapati tena. Wengine ndio wakae mbali."

Bibi yake Tluway alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, shuka begani. Aliitikia salamu zetu zote kwanza, ya mama na yangu, taratibu, moja baada ya nyingine, ndipo akasema, "Nesi, nimekusikia. Lakini nyumba imefungwa."

"Bibi, nasema Zawadi anaweza—"

"Zamani nyumba ikiguswa na ugonjwa ilikaa peke yake. Hatukuombana hata moto. Kilichokuwa ndani kilibaki ndani mpaka wazee waseme imefunguka. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hilo sijaliacha."

Mama alifikiri kidogo, akainamisha kichwa. Njiani aliniambia, "Kama kila bibi angefunga nyumba hivyo, mimi ningelala usingizi." Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu. Kilichokuwa ndani kilibaki ndani. Bodi yetu ilikuwa ndani.

Kesho yake nilikaa ukingoni kwetu na kichwa cha lori mapajani, nikilia kimyakimya kwa mpangilio, kwanza kwa ajili ya Tluway, kisha kwa ajili ya lori, kisha kwa sababu nilikuwa nimeweka lori la pili na huenda nilipaswa kuliweka la kwanza. Ndipo sauti ikavuka.

"Zawadiii!"

"Semaaa!"

"Nyeusi za punje nne unazo ngapiii?"

Hivyo ndivyo tulivyolijenga, kwa kupiga kelele. Kila jioni baada ya shule nilikaa upande wangu, yeye upande wake, kijito chini, mikaratusi ikivuma. Mmoja anasema, anasubiri mwangwi ufe, mwenzake anajibu. Ukuta wa bodi uwe na urefu gani. Dirisha la dereva liwe wapi. Jiwe la tumboni lihamie mbele au libaki. Tulipaswa kuelezana kila kitu kwa maneno, na nadhani ndipo nilipojua kwamba kitu usichoweza kukieleza hujakielewa. Na kwa kuwa korongo halina siri, bonde zima lilijenga nasi. Mama Basili, aliyelima maharage kwenye mteremko wa katikati, alinyoosha mgongo, akaegemea jembe.

"Wewe mtoto wa nesi! Amesema nyekundu! Nyekundu, si nyeusi!"

"Asante, mama!"

"Na mwambie asiweke nzito nyuma, litanyanyua pua!"

Hata mchungaji wa ng'ombe aliyepita kule chini, ambaye hakuwahi kuona hayo mavitofali, alisimama akauliza tumefikia wapi.

Jambo la mwisho lilikuwa kiungo. Kichwa changu kilihitaji ulimi, kipande kirefu cha kuchomoza nyuma na kuingia kwenye nafasi chini ya bodi yake. Katikati pasingewezekana, jiwe lilikaa hapo. Tukakubaliana kwanza kwamba lori linatazama kanisa, ambalo lilionekana na sote wawili, juu kabisa korongo linakoanzia.

"Tluwaaay! Ulimi niuweke upande ganiii?"

Alikuwa anapima.

"Upande wa korongooo!"

"Wa korongooo?"

"Wa korongo!" akathibitisha Mama Basili. "Mmesikia wote, mkalale!"

Nikauweka upande wa korongo. Nikaupiga msumari wa moto, nikaukaza na waya. Ng'ambo ya pili nikaona moshi mwembamba ukipanda uani kwa Bibi, nikajua na yeye anatoboa nafasi yake, na harufu nikaisikia hata kama haikuwezekana kunifikia.

Siku iliyofuata niliita, hakuna jibu. Nikaita tena mpaka Mama Basili akaniambia nimpumzishe. Kesho yake vilevile. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya sikukuu. Kisha, mchana, nikaona watu wanaingia kwa Bibi. Wazee wawili wenye fimbo. Wanawake na vyungu kichwani. Mwanamume akivuta kondoo kwa kamba. Hakuna aliyeimba.

Nilikuwa nimeshaona misiba. Nilijua watu hukusanyika vipi, na kwamba mnyama huletwa. Nilikaa chini. Punje zilikuwa zimemfunika zote. Zilikuwa zimefika kooni, ndiyo maana hakuitika, na sasa wanamzika akiwa amekakamaa kama ukuta. Sikwenda kumwuliza mama, kwa sababu niliona nikiuliza itakuwa kweli. Nilichukua kitenge chake kilichokuwa kwenye kamba, nikakifunga kichwa cha lori ndani yake vizuri, miguu kwa kichwa, kama nilivyoona kikifanyika. Nilitaka wamzike nacho. Isingekuwa haki aende na bodi tupu.

Nilishuka korongo kwa heshima yote, mikono imenyooshwa mbele, machozi yakidondokea kitenge. Nilivuka mawe. Nikapanda. Watu walinipisha njia wakinyamaza mmoja mmoja, mpaka nikafika mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Tluway."

Bibi aligeuza shingo taratibu. "Tluway," akasema, "umekufa?"

Pembeni ya moto, juu ya kigoda kilekile, mtu mwenye makovu ya vipele vilivyokauka na mfupa wa kondoo mkononi alijaribu kujibu, lakini kilichotoka ni sauti ya bawaba mbovu. Alikuwa amepiga kelele wiki nzima mpaka sauti ikaisha. Hakuwa na ugonjwa mwingine. Ule ulikuwa mkusanyiko wa kufungua nyumba. Kicheko kilichofuata kilivuka korongo. Mama alikisikia akiwa zahanati na kutoka nje kutazama. Mzee mmoja alicheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. Bibi peke yake hakucheka. Alinifungulia kitenge, akakitazama kichwa cha lori kwa muda mrefu, akanipa nyama.

"Kula," akasema. "Maiti wako anakusubiri."

Basi tukaweka nusu mbili chini, juu ya udongo, tukazisogeza zikutane. Hazikukutana. Ulimi wangu ulikuwa kulia na nafasi yake ilikuwa kushoto. Tulizigeuza, tukazigeuza tena. Tluway alinyanyuka, akatazama kanisa, akatazama korongo, akatazama nyumba yetu ng'ambo, na nikaona uso wake ukielewa. Mimi nikitazama kanisa, korongo lilikuwa kuliani kwangu. Yeye akilitazama, lilikuwa kushotoni kwake. Bonde zima lilisikia maagizo yale na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo, kwa sababu kila mmoja wetu ana korongo upande wake.

Kubomoa kusingewezekana, plastiki ilishayeyuka na kushikana na waya. Njia ilikuwa moja, kuingiza ulimi wa kulia kwenye nafasi ya kushoto, na tulipofanya hivyo kichwa kilichomoza pembeni, na lori zima likawa limekaa upande, kama mbwa anavyokimbia, mbele huku nyuma kule. Nilianza: lakini je litaanguka, lakini je watacheka, lakini je Emanueli. Tluway, kwa kuwa hakuwa na sauti, aliniwekea tu kidole mdomoni. Halafu akalibusu lori kwenye pua.

Sikukuu ilikuwa na jua na upepo wa baridi. Watu walipanga mstari mbele ya mlango wa kanisa wakiwa na shayiri, maboga, maharage kwenye ungo, kuku waliofungwa miguu. Juu ya mteremko tulisimama na lori letu la pembeni, na vicheko vilikuwa vimeshaanza.

"Limepigwa jiwe hilo!" alisema Emanueli. "Lipelekeni zahanati!"

Aliachia la kwake. Lilishuka kama ng'ombe aliyekata kamba, moja kwa moja, likafika kwenye kona, na likaendelea moja kwa moja ndani ya mtaro. Magari ya mbao yalikwenda mtaroni. Ya waya yalikwenda mtaroni. Ikafika zamu yetu. Tuliweka kitunguu saumu kwenye bodi, tukaweka haragwe letu nyuma, nikaachia.

Lori lilikwenda likivuta kushoto tangu mwanzo, likikwaruza ukingo wa ndani, na nilifumba jicho moja. Likafika kwenye kona. Kona ilikuwa inakunja kushoto. Lori nalo, kwa sababu ya korongo, kwa sababu ya Mama Basili, kwa sababu ya vile lilivyozaliwa, lilikuwa halijui kwenda kwingine. Likakunja. Nilisikia watu juu ya ukuta wakivuta pumzi pamoja. Utingo peke yake aliruka, kama kazi yake inavyomtaka. Lori likaendelea, likanyooka kwenye uwanja, likapita katikati ya miguu ya watu kwenye mstari wa mavuno, chini ya sketi na mbele ya viatu vilivyopakwa rangi, likagota kwenye kikapu cha maboga mlangoni. Kitunguu kilikuwa bado ndani.

Tluway aliruka bila sauti. Mimi niliruka kwa sauti za wote wawili. Tulipofika chini tukihema, mama mmoja wa kamati, aliyekuwa akipokea mazao, alikuwa ameshaokota kila kilichokuwa mlangoni, kikapu, maboga na lori, akaviingiza ndani mpaka mbele ya madhabahu.

Nililitazama ibada nzima, kati ya ndoo ya asali na mkungu wa ndizi. Sikusikia neno la mahubiri. Lakini je, kitu kikishafika pale kinakuwa cha Mungu? Na kama ni cha Mungu, kumwomba akirudishe si dhambi? Na baada ya ibada, kama ilivyo desturi, mazao yalitolewa nje kunadiwa, na mzee wa kanisa mwenye mdomo mtamu akalinyanyua lori letu juu.

"Lori la vitunguu! Halina kadi, halina bima, lakini limeshika kona! Nani anaanza?"

Watu wakacheka, na baba yake Emanueli akanyoosha mkono kutaja bei. Tluway alifungua mdomo, ikatoka ile bawaba. Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Umati wote ulikuwa pale, mchungaji, walimu, mama yangu. Sikupata nafasi ya kufikiri. Sauti ilitoka yenyewe, ile ya ukingoni, iliyozoea kuvuka maji na mikaratusi:

"Hilo ni letuuu!"

Kuku walipiga mabawa. Hata mchungaji aligeuka. Kutoka mahali fulani nyuma Mama Basili alisema, "Ni kweli, ni lao. Nimelijenga nao."

Mzee wa kanisa alishusha lori, akanitazama kwa upole. "Mwanangu, kilichotolewa hakirudi hivihivi. Hukombolewa."

"Kuku mtetea," ilisema sauti ya taratibu. Alikuwa Bibi, amesimama mrefu, shuka begani.

"Debe la shayiri!" alisema baba yake Emanueli, akicheka, kwa kuchokoza tu.

"Kuku," alisema Bibi bila kumtazama, "na mayai anayoyalalia."

Hakuna aliyethubutu kupanda juu ya hapo. Bibi alilipokea lori kwa mikono miwili, akalifunga ndani ya shuka. Nilingoja atukabidhi. Hakutukabidhi.

"Litakaa kwangu," alisema. "Anayetaka kulichezea anakuja. Anayekuja anakula kwanza."

Na ndivyo ilivyokuwa miaka yote tuliyokaa pale, mpaka mama akahamishwa. Nilishuka na kupanda lile korongo mpaka nikawa na njia yangu mwenyewe kwenye nyasi. Tluway siku hizi anachomelea bodi za malori kule Katesh, na akimaliza moja hunitumia picha, na huwa naangalia kwanza kama imenyooka.

Mchana ule wa simu nilipanda bodaboda mpaka kijijini. Njia nzima nilikuwa na maswali: lakini je kama Bibi hanikumbuki, lakini je kama hayupo na hakuna aliyeniambia, lakini je wanapiga simu sasa hivi. Bodaboda aliniacha kwenye zahanati. Nilitembea hadi ukingoni. Ng'ambo kulikuwa na bati jipya, mlango uleule, kuku. Nilisimama pale, msomi mzima na vyeti vyangu ndani ya begi, nikifikiria watu wa shambani watasema nini wakiniona. Kisha nikaweka viganja mdomoni.

"Bibiii! Shikamoooo!"

Nikasubiri mwangwi ufe. Mtu alitoka mlangoni taratibu, mrefu bado, amepinda kidogo tu, akaweka mkono juu ya macho.

"Marahabaaa!" ilivuka sauti. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Bibiii!"

"Basi shuka! Nyumba iko wazi!"